Ndago: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Gugu Linalorudi Kila Ukilipalilia

Ukurasa huu ni wa yule aliyepalilia tuta lake Jumamosi, akaliacha jeupe, na kufikia Jumatano akakuta vichipukizi vimesimama pale pale kama sindano. Mara nyingi mhusika ni ndago. Maswali mengi hapa chini nimeulizwa na watu. Mengine nilijiuliza mwenyewe miaka ile nilipokuwa nikishindwa nayo.

Nitajuaje kama ni ndago na si nyasi ya kawaida?

Anza na vidole. Shika ubua unaobeba maua, chini kidogo ya masuke, uuzungushe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ubua wa nyasi ni wa mviringo, unazunguka bila kukwama. Wa ndago una pembe tatu na utazisikia. Ukiukata kwa wembe utaona pembetatu iliyojaa ndani, haina uwazi, na ubua wote hauna kifundo hata kimoja. Nyasi zina vifundo.

Kama haijatoa ubua, angalia majani yanavyotoka chini. Ya nyasi hupangana pande mbili. Ya ndago hutoka pande tatu, na ukiitazama kutoka juu utaona kama mafiga. Jani lenyewe ni la kijani kilichokolea, linang'aa kama limepakwa mafuta, na lina mfereji katikati.

Ushahidi usiopingika uko ardhini. Usivute, maana ukivuta utabaki na majani mkononi. Chomeka uma wa bustani kando ya shina, uende chini sentimita 20, inua bonge zima kisha ulipukute polepole. Chini ya shina kuna tunguu dogo. Kutoka hapo zinatoka nyuzi ngumu kama waya, na kwenye nyuzi hizo kuna viazi vyeusi au vya hudhurungi, vingi vikiwa na ukubwa wa punje ya harage. Ukiviona hivyo, kesi imekwisha.

Nimesikia kuna ndago za aina mbili. Kuna haja ya kuzitofautisha?

Ipo, hasa kama unafikiria kununua dawa. Zipo nyingi katika ukoo huu, lakini mbili ndizo zinazosumbua bustani duniani kote. Moja ni *Cyperus rotundus*, ambayo masuke yake ni ya zambarau iliyochanganyika na wekundu wa kahawia. Nyingine ni *Cyperus esculentus*, yenye masuke ya manjano au rangi ya majani makavu. Zote mbili zilipewa majina hayo na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea Mswidi, mwaka 1753, na majina yanasaidia kukumbuka: *rotundus* ni ya mviringo, *esculentus* ni ya kulika.

Kama hakuna maua, tazama ncha ya jani. La ndago ya zambarau huishia ghafla. La ndago ya manjano hupungua taratibu hadi linakuwa jembamba kama uzi. Kisha chimba. Ndago ya zambarau hufuatanisha viazi vyake kwenye uzi mmoja kama shanga, na viazi hivyo vina magamba, vinanuka dawa-dawa na ni vichungu. Ndago ya manjano huweka kiazi kimoja tu kwenye ncha ya kila uzi, laini, chenye utamu wa kokwa. Wapo wanaotofautisha kwa kuonja. Mimi nasema harufu inatosha, na kama pamewahi kupulizwa dawa usithubutu kuonja.

Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu ile ya zambarau kwa sababu ndiyo sugu zaidi. Imeripotiwa kama gugu katika nchi zaidi ya 90, na watafiti wa magugu wamewahi kuiweka nambari moja kwa ubaya kuliko magugu yote duniani.

Je, inaweza kuwa sangari au ukoka?

Watu huchanganya kwa sababu zote tatu hutambaa na zote tatu hurudi. Sangari na ukoka ni nyasi hasa. Ubua wa mviringo, vifundo vinaonekana, na chini kuna mizizi mirefu myeupe ya kutambaa isiyo na viazi. Kuzitoa ni kazi, lakini ukiinua ule mzizi wote umemaliza. Kwa ndago, ukiinua ule uzi umeacha viazi nyuma.

Kwa nini kila nikipalilia inarudi, tena ikiwa nyingi zaidi?

Hapa ndipo penye mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unachokiona juu ya ardhi ni jani tu. Mmea wenyewe unaishi chini, na ule uzi wenye viazi ni ghala. Jani likikatwa, kiazi hutoa jingine kutokana na akiba iliyomo. Kila kiazi kina macho kadhaa, na kinaweza kuchipua, kukatwa, na kuchipua tena mara nyingi kabla hakijaisha nguvu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Viazi vilivyo kwenye uzi mmoja huzuiana. Vichache huchipua, vingine hulala vikisubiri. Jembe linapopita na kuukata uzi, vile vilivyokuwa vimelala hupata uhuru, na kila kimoja huanza maisha yake. Kwa hiyo uliyemwona mmoja Jumamosi anaweza kurudi akiwa watatu Jumatano, na jembe lako ndilo lililowaamsha.

La tatu ni muda. Chipukizi jipya halikai sana kabla ya kuanza kutengeneza viazi vipya. Wiki tatu hadi sita zinatosha, kutegemea joto na maji. Katika majaribio, kiazi kimoja kilichopewa nafasi kimewahi kuzaa karibu 100 ndani ya siku 90. Mwenye bustani anayepalilia mara moja kwa mwezi haipunguzi ndago. Anaifugia tu.

Ukizingatia hayo matatu, utaona kwamba nguvu za kulima haziamui sana. Kinachoamua ni ratiba. Ukikata kila mara kabla chipukizi halijaanza kulipa deni lake kwa kiazi, akiba inashuka. Ukichelewa, imejaa tena, na jasho lako la mwezi uliopita limekwenda bure.

Sasa nikate kila baada ya siku ngapi?

Wakati wa joto na mvua, kila wiki mbili, na usipitishe tatu. Majani yakifika matano au sita, usingoje siku ya mapumziko. Kipindi cha baridi au ukame mkali ndago hupunguza mwendo au hulala kabisa, nawe unaweza kupumua. Lakini kutoonekana si kufa.

Kung'oa kwa mkono kunasaidia?

Inategemea unachokiita kung'oa. Kunyofoa majani ni sawa na kukata kwa jembe, na ukikufanya kila wiki mbili kunafaa. Kuchimba kiazi ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa kila mmea, ila inafaa pale ndago zinapohesabika. Tuta lenye mimea 20 lichimbe lote. Bustani nzima iliyogeuka zulia, utachoka kabla hujafika nusu.

Ukiamua kuchimba, chimba udongo ukiwa na unyevu wa wastani, ule unaopukutika. Ukiwa tope, viazi vinajificha kwenye mabonge. Ukiwa mkavu, nyuzi zinakatika na viazi vinabaki. Tumia uma badala ya jembe, maana uma hauzikati sana nyuzi. Viazi vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, vichache huenda hadi 30 na zaidi. Pitisha udongo kwenye chekecheke kama eneo ni dogo. Inachosha, najua, lakini kitanda changu cha mchicha kilipona kwa njia hiyo na hakijarudia.

Na kama ndago ni changa kabisa, imetoka tu kwenye kiazi mama na haijatandaza nyuzi, unaweza kukipata kiazi chote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana nasisitiza kutembea bustanini mara kwa mara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ndago hujengwa kwa wiki sita.

Vipi nikilima kwa trekta la mkono, lile la visu vinavyozunguka?

Nililifanya hilo mwanzoni mwa msimu wa mvua, nikitaka nimalize kazi ya siku tatu kwa saa mbili. Visu vilizikatakata nyuzi zote, vikasambaza viazi kutoka kona moja hadi bustani nzima, mvua ikanyesha jioni. Baada ya wiki tatu nilikuwa na shamba la ndago lililopandwa kwa nafasi nzuri kuliko mahindi yangu.

Kulima kuna faida kwa wakati mmoja tu: msimu mkavu, jua kali, na hakuna mvua inayotarajiwa. Hapo lengo ni kuvileta viazi juu vikauke. Kiazi cha ndago kinavumilia mengi, lakini hakivumilii kukauka. Kikikaa juani wiki moja hadi mbili, kikapoteza maji yake mengi, kinakufa. Pindua udongo tena kila baada ya siku kadhaa ili vilivyo chini navyo vifike juu, na hakikisha nyuzi zimeachana na udongo wenye unyevu, maana kiazi ambacho bado kina mizizi chini huendelea kunywa. Usimwagilie hapo. Mvua moja ikikuharibia, kazi yote imegeuka kupanda.

Kisafishe kifaa kabla ya kukitoa. Udongo ulioganda kwenye visu hubeba viazi hadi kwa jirani.

Nikifunika kwa nailoni nyeusi itakufa?

Ndago ya zambarau huitoboa. Chipukizi lake lina ncha kali, na likiwa gizani hubaki limejikunja na kuendelea kupanda likitafuta mwanga hadi linatokea upande wa pili. Limewahi kuonekana likipenya viazi mviringo vilivyokuwa ardhini, sembuse nailoni. Matandazo ya majani makavu au maranda hulipunguza kasi kidogo tu, ingawa yanasaidia dhidi ya magugu mengine na kuulainisha udongo, jambo linalorahisisha kuchimba.

Cha ajabu, nailoni angavu inayopitisha mwanga inaweza kufanya kazi vizuri zaidi. Chipukizi likiona mwanga chini ya nailoni hudhani limefika juu, hufungua majani, na ncha ile kali hupotea. Majani hunaswa chini ya nailoni na kuungua kwa joto. Ili ifaulu unahitaji miezi yenye jua kali zaidi, udongo uliosawazishwa na kumwagiliwa kwanza (udongo wenye unyevu hupitisha joto kwenda chini), nailoni iliyobana vizuri na kingo zilizofukiwa, na wiki sita au zaidi bila kuifungua. Hata hapo, viazi vya juu ndivyo vinavyoungua. Vya chini zaidi husalia, na utavishughulikia vinapochipua. Ukitaka kutumia kizuizi cheusi, tafuta kitambaa kizito kilichofumwa, au tandika maboksi kadhaa mazito chini yake. Bado utapita kukagua kingo.

Chumvi, siki, maji ya moto, mafuta ya taa?

Siki na maji ya moto huunguza jani, kiazi kikabaki na kicheko chake. Kama ni ufa wa njia ya saruji, tumia maji ya moto kila wiki na utafanikiwa kwa kuchosha, sawa na kukata. Chumvi huharibu udongo kwa muda mrefu, na mimea yako itakufa kabla ya ndago. Mafuta ya taa usiyamwage ardhini kabisa.

Je, ndago inamaanisha udongo wangu ni mbovu au unatuamisha maji?

Hapana. Nimesikia pia kwamba ni dalili ya tindikali na kwamba chokaa itaiondoa. Ndago haichagui: mchanga, mfinyanzi, penye rutuba na pasipo na rutuba, yote kwake ni nyumbani. Ile ya manjano ndiyo inayopenda zaidi penye unyevu. Pima udongo wako kwa manufaa ya mazao, si kwa kutarajia ndago ihame.

Ilifikaje kwangu? Sikuwahi kuwa nayo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mbegu za ndago ya zambarau ni chache zinazoota, kwa hiyo usilaumu upepo wala ndege. Inakuja kama kiazi, na kiazi hakitembei. Kililetwa na lori la udongo wa juu, samadi iliyokwanguliwa pamoja na ardhi, mche wa maua kwenye mfuko wa kitalu, vipande vya nyasi za kupanda uwanjani, au jembe la kuazima. Mimi nililetewa na samadi. Sasa kila shehena naimwaga pembeni, nainyunyizia maji, na kuisubiri wiki tatu kabla haijagusa tuta. Ikitoa sindano za kijani, haiingii. Miche ya mifuko nayo naikagua vivyo hivyo: napekua udongo wa juu kwa kidole, na nikikuta uzi mgumu wenye kifundo, mche unabaki dukani hata uwe mzuri namna gani.

Dawa gani inaua ndago?

Kwanza zile zisizofaa, kwa sababu ndizo zinazopoteza fedha za watu. Dawa zinazounguza jani tu, kama parakwati, hulikausha kwa siku mbili na kukufurahisha, kisha kiazi huchipua upya. Parakwati pia ni sumu kali mno kwa binadamu, funda moja tu linaweza kuua na haina dawa ya kuizimua. Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi yake mwaka 2007. Dawa za magugu ya majani mapana, kama 2,4-D ikiwa peke yake, haziimalizi ndago. Na zile za kuua nyasi peke yake haziifanyi kitu, kwa kuwa ndago si nyasi. Hilo la mwisho linawashangaza wengi: wamenunua dawa sahihi kwa mmea usio wenyewe.

Zinazofaa ni zile zinazofyonzwa na jani na kusafiri hadi kwenye viazi. Glaifoseti ndiyo inayopatikana zaidi. Inaua karibu kila mmea wa kijani inaougusa, kwa hiyo ni ya sehemu isiyopandwa kitu, au ya kupaka jani moja moja kwa sifongo ukiwa umevaa glavu. Halosulfuroni ni nyingine. Hii inaua ndago zote mbili na kuziacha nyasi, ndiyo maana inapendwa kwenye viwanja. Bentazoni inaipata ndago ya manjano vizuri lakini ya zambarau huiponyoka, na hapo ndipo kutofautisha masuke kunapokulipa.

Usalama wa glaifoseti unabishaniwa. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Wasimamizi wa dawa wa Marekani na wa Umoja wa Ulaya hawakukubaliana nayo, na mwaka 2023 Ulaya iliongeza idhini kwa miaka 10. Mimi naitumia mara chache, kwa mpira mikononi na suruali ndefu, na siitumii karibu na maji. Ukichagua kutoitumia kabisa, bado ndago inashindika. Itachukua muda zaidi. Sheria za nchi hutofautiana, na kilichoandikwa kwenye lebo ndicho cha kufuata kuhusu kipimo na mazao.

Nimepuliza glaifoseti na haikufa. Nilikosea wapi?

Mara nyingi ni mojawapo ya haya.

Uliipuliza ndago iliyonyauka kwa ukame. Mmea usiokua hausafirishi kitu kwenda chini. Mwagilia, subiri ichangamke, ndipo upulize.

Uliifyeka juzi, ukapuliza vibua vya majani mawili. Dawa inahitaji jani la kutosha la kuingilia. Iache ifikishe majani matano au zaidi, ila isifike kwenye maua.

Ulichanganya na maji ya mto yenye tope. Glaifoseti hunata kwenye chembe za mfinyanzi, na ikishanata haifanyi kazi. Maji yawe masafi.

Dawa iliteleza. Jani la ndago lina nta; weka kiowevu cha kunatisha dawa kama lebo inaruhusu, na upulize matone madogo badala ya kuoga mmea hadi udondoke.

Ulichimba mapema mno. Ipe siku 10 hadi 14 bila kugusa. Halosulfuroni ni ya polepole zaidi, majani yanaweza kuchukua wiki tatu au nne kugeuka manjano, na watu wengi huirudia kabla haijamaliza kazi.

Au hukukosea popote. Viazi vilivyolala havipokei dawa, kwa sababu havina jani na mmea hauvipelekei chakula. Vitachipua baadaye, nawe utarudia. Hakuna dawa ya mara moja.

Ndago iko katikati ya uwanja wa nyasi. Nifanyeje?

Usinyoe nyasi fupi sana. Ndago hukua haraka kuliko nyasi nyingi na kuchomoza juu yake siku mbili tatu tu baada ya kunyoa. Nyasi ikiachwa ndefu kidogo na nene huinyima mwanga. Maji ya kupita kiasi yanaisaidia ndago zaidi. Mabaka machache, chimba kipande kizima cha nyasi na udongo wake na uzibe kwa kingine kisafi. Yakiwa mengi, dawa inayochagua ndago na kuacha nyasi ni njia ya busara, baada ya kuhakikisha kwenye lebo kwamba aina yako ya nyasi inaivumilia.

Kuna mimea ninayoweza kupanda ikaishinda?

Ndago inapenda jua na inadhoofika kivulini. Haifi, lakini inatengeneza viazi vichache sana. Hilo ni silaha nzuri na haligharimu jasho. Kunde zinazotambaa, maboga, mukuna, chochote chenye majani mapana kinachofunga ardhi haraka. Sharti ni kuipa mimea yako nafasi ya kutangulia: safisha tuta, subiri ndago ichipue, ikate au iue, kisha panda siku hiyo hiyo, kwa nafasi iliyobana kuliko kawaida. Palilia mara mbili kabla majani hayajakutana. Yakikutana, kivuli kinashika zamu.

Viazi vitamu hufunika vizuri kuliko vyote nilivyojaribu, isipokuwa kwamba ndago iliyobaki huweza kuvitoboa viazi vitamu vyenyewe. Kitunguu na karoti ni kinyume. Majani yake hayafuniki kitu, na kupalilia katikati yake ni mateso. Usivipande kwenye tuta lenye ndago hadi miaka miwili mitatu ipite.

Viazi nilivyochimba nivitupe wapi? Naweza kuviweka kwenye mboji?

Usiviweke. Rundo la mboji la nyumbani kwa kawaida halipati joto la kutosha kila mahali, na viazi vitafurahia. Ukija kusambaza mboji hiyo, umeipanda ndago bustani nzima kwa mkono wako. Vianike juu ya bati au saruji juani hadi vikauke kabisa na kuvunjika, kisha vichome. Majani matupu, yaliyokatwa juu ya udongo, hayana shida kwenye mboji.

Ukiwa na nguruwe, wafungie eneo hilo kwa siku chache wakati hakuna mazao. Wanachimba na kula viazi kwa bidii ambayo mimi sijawahi kuwa nayo.

Haina faida yoyote kweli?

Inayo, ingawa ukiwa umeinamia tuta ni vigumu kuikubali. Viazi vyake hutumika katika tiba za jadi za Uchina na India tangu kale, na mafuta yake yanatiwa kwenye manukato. Huko Al Khiday, kando ya Nile Nyeupe nchini Sudan, watafiti waliochunguza ugaga kwenye meno ya watu wa kale walikuta mabaki ya ndago hii hii ya zambarau. Utafiti huo ulitoka mwaka 2014, na waandishi walifikiri huenda kuila kuliwasaidia kutooza meno. Ile ya manjano ina jamaa yake anayelimwa kwa ajili ya viazi vyake vyenye utamu. Lakini usiipande bustanini kwa kutaka faida hizo. Ukiipanda, hutaitoa.

Itachukua muda gani kuisha?

Kwa eneo dogo linalochimbwa na kukaguliwa, msimu mmoja unaweza kutosha. Kwa bustani iliyojaa, kadiria miaka mitatu. Viazi vingi ardhini hufa vyenyewe ndani ya miaka miwili au mitatu kama havikupata nafasi ya kuzaa vingine, kwa hiyo kila msimu usioruhusu viazi vipya unahesabika hata kama macho yako bado yanaona kijani.

Mwaka wa kwanza ndio unaovunja moyo. Utakata mara 10 na idadi ya vichipukizi haitapungua, pengine itaongezeka, kwa sababu vilivyolala vinaamka. Hiyo ni dalili njema: vinatumia akiba. Angalia unene. Vichipukizi vikianza kuja vyembamba na vya kijani hafifu, viazi vimechoka.

Nimepita wiki nyingi sijaiona. Nimemaliza?

Subiri msimu mzima wa mvua wenye joto upite kabla ya kusema hivyo. Mimi huchomeka kijiti kila mahali nilipoitoa ya mwisho, na kila wiki mbili napita kijiti hadi kijiti. Inanichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwaka jana nilikuwa na vijiti 11. Sasa vimebaki 2, na kimoja kati yake kiko chini ya mfereji wa maji, mahali ambapo uma haufiki.